Fomu ya umma isiwe mateka wa kampuni

Fomu ya karatasi ina kasoro nyingi. Huchanika, hulowa, hupotea katika majalada, na mara nyingine mwananchi huambiwa zimekwisha, arudi wiki ijayo. Lakini ina sifa moja ambayo hakuna aliyeitambua mpaka ilipoanza kutoweka: haimuulizi mtu anaandika kwa kalamu ya kampuni gani. Kalamu ya wino au ya risasi, iliyonunuliwa dukani au iliyoazimwa kwa karani wa mapokezi, zote huandika juu yake. Fomu ya kompyuta haikuzaliwa na sifa hiyo. Hapana budi ipewe, na anayepaswa kuipa ni ofisi inayoitoa fomu yenyewe.

Jambo hili aghalabu huachiwa mafundi, na kuachiwa huko ndiko mwanzo wa kosa. Mtumishi anayeomba likizo, mwalimu anayeomba uhamisho, mzazi anayemwombea mtoto mkopo wa masomo, mfanyabiashara anayetafuta leseni, wote hufika mbele ya Serikali kwa njia ya fomu. Ikiwa fomu hiyo hufunguka kwa programu ya kampuni moja tu, basi kampuni hiyo, bila kuchaguliwa na mtu yeyote, imeketi kati ya mwananchi na haki yake. Ofisa aliyeitoa fomu huenda hana habari kabisa. Kwake yeye, na katika kompyuta yake, kila kitu kinakwenda barabara.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa fomu ziitwazo XFA, na historia yake yafaa isimuliwe kwa kirefu kidogo, kwa sababu watumishi wengi wa umma wamekumbana nazo bila ya kujua jina lake.

Ganda tupu

Kampuni ya Adobe ya Marekani ilitoa muundo wa faili wa PDF mwaka 1993. Nia yake ilikuwa njema na rahisi kuielewa: waraka ulioandikwa katika mashine moja uonekane vivyo hivyo katika mashine nyingine yoyote, mistari ikae mahali pake na jedwali lisivunjike. Mwaka 1996 PDF ikaongezewa visanduku vya kujaza, aina ambayo mafundi huiita AcroForm. Hizo ni fomu za kawaida, na hadi leo hufunguka karibu katika programu zote zinazosoma PDF, za kulipia na za bure.

Wakati huo huo, katika mji wa Ottawa nchini Kanada, kampuni ya JetForm ilikuwa ikibuni fomu za namna nyingine. Fomu hizo zilikuwa na akili zaidi. Jedwali liliweza kurefuka kadiri mjazaji alivyoongeza safu. Sehemu isiyomhusu iliweza kujificha. Hesabu ziliweza kujumlishwa zenyewe. Mwaka 1999 JetForm iliwasilisha ubunifu wake, yaani XFA, kwa W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti. Haukufanywa kuwa kiwango. Mwaka 2002 Adobe ikainunua kampuni hiyo, ambayo kwa wakati huo ilikwisha badili jina na kuitwa Accelio, kwa dola zipatazo milioni 72. Mwaka uliofuata XFA ikaingizwa ndani ya toleo jipya la PDF, lile la 1.5.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza. Fomu ya XFA iliyo kamili hubeba jina la PDF, na alama yake katika kioo cha kompyuta ni ya PDF, lakini kwa hakika ni ganda tupu. Ndani ya ganda hilo mna ukurasa mmoja unaomtaka msomaji asubiri. Fomu yenyewe imefichwa kando kama maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya XML, na kurasa zake hujengwa papo hapo na programu inayoyaelewa maagizo hayo. Programu ya Adobe ya kompyuta ya mezani huyatii. Nyingine nyingi huuonyesha ule ukurasa wa kusubiri, na mwananchi husubiri kama alivyoambiwa. Hubonyeza tena. Hudhani mtandao uko chini, huzima mashine na kuiwasha, hununua kifurushi kingine cha intaneti. Hakuna kitakachokuja.

Mwaka 2008 PDF ilitoka mikononi mwa Adobe na kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 32000-1. Habari hiyo ilipokewa kwa furaha, na kwa haki. Lakini maelezo ya XFA hayakuingizwa humo. Kiwango kiliitaja tu, na maelezo yenyewe yakabaki waraka wa kampuni. Ofisi ikitangaza kwamba inatumia PDF, kiwango cha dunia nzima, huku ikitoa fomu za XFA, inasema kweli kwa jina na uongo kwa kitendo. Toleo la pili la kiwango, ISO 32000-2 la mwaka 2017, liliitangaza XFA kuwa kitu kilichopitwa na wakati na kisichofaa kutumiwa tena katika kazi mpya.

Ni haki kusema kwamba waliobuni XFA hawakuwa wahalifu. Haja waliyoitimiza ilikuwa haja ya kweli. Yeyote aliyewahi kupokea fomu mia tatu za mkono, nusu yake zikiwa na jumla zisizolingana, anajua thamani ya fomu inayokataa kuendelea mpaka hesabu iwe sawa. Mabenki, kampuni za bima na wizara katika nchi nyingi walizichukua kwa sababu hiyo. Kosa lilikuwa katika kuifunga haja ya watu wote ndani ya chombo cha mmoja, na katika ofisi za umma kukubali kufungwa huko bila ya kuuliza.

Idara ya Uhamiaji, Wakimbizi na Uraia ya Kanada ni kielelezo kinachowagusa hata watu wa Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi fomu zake, kama vile IMM 5257 ya viza ya wageni na IMM 1294 ya kibali cha masomo, zimekuwa za namna hii. Mwombaji hutakiwa aipakue, aijaze kwa programu ya Adobe katika kompyuta, kisha abonyeze kitufe cha kuhakiki, na hapo fomu hujitengenezea msimbo pau unaobeba majibu yake. Idara yenyewe imelazimika kuweka maelezo maalumu kwa wale wanaoukuta ule ukurasa wa kusubiri. Sasa na afikiriwe mwalimu wa sekondari aliyepata nafasi ya masomo katika chuo cha huko. Hana kompyuta, ana simu. Anakwenda kwenye duka la vifaa vya ofisi lenye mashine mbili, ambako kijana mwenye duka huzifungua PDF zote kwa kivinjari. Fomu haifunguki. Kijana anamwambia faili ni mbovu. Mwalimu anaamini, kwa kuwa macho yake yanamthibitishia, na siku za kupeleka maombi zinapungua. Hakuna aliyemnyima kibali. Hata hivyo hajakiomba.

Bure yenye masharti

Watetezi wa hali hii wana jibu lao la siku zote: programu ya Adobe hutolewa bure, basi lawama ni ya nini? Hoja hiyo husikika nzuri, lakini haistahimili kuchunguzwa.

Kwanza, bure ya kampuni hudumu kwa kadiri ya mapenzi ya kampuni. Kwa watumiaji wa Linux, toleo la mwisho la kisomaji cha Adobe lilitoka mwaka 2013, na baada ya hapo wakaachwa. Na katika simu za mkononi, ambazo kwa wananchi wengi wa nchi hii ndizo kompyuta pekee wanazozimiliki, kisomaji cha simu cha Adobe yenyewe hakifungui fomu za XFA. Naam, yenyewe. Aliyetengeneza kufuli hakutengeneza ufunguo wa mlango ambao watu wengi huingilia.

Pili, bure hiyo ilikuwa na masharti ambayo wengi hawakuyasoma. Kwa miaka mingi mtu mwenye kisomaji cha bure aliweza kuijaza fomu lakini hakuweza kuihifadhi ikiwa imejazwa, ila kama mwenye fomu alikwisha nunua haki hiyo kwa niaba yake. Alijaza, akachapa karatasi, na akifunga programu kazi yote ilipotea. Nafuu ilikuja na toleo la XI la mwaka 2012. Kabla ya hapo leseni ya Acrobat iliweka kikomo: ofisi iliyoiwezesha fomu yake kwa njia hiyo na kuisambaza kwa watu zaidi ya 500 haikuruhusiwa kuvuna taarifa kutoka nakala zaidi ya 500 zilizorudishwa. Wilaya moja yaweza kuwa na walimu zaidi ya idadi hiyo. Huo ni ukiritimba wa kuhesabu raia na kumtoza anayewahudumia.

Na vivinjari, ambavyo hapo zamani viliweza kuazima mikono ya Adobe kwa njia ya vijazio, viliacha utaratibu huo wa zamani kimoja baada ya kingine. Chrome iliuondoa mwaka 2015, na Firefox mwaka 2017. Sababu za usalama zilikuwa za kweli. Hata hivyo, fomu zilizokuwa zikifunguka Ijumaa ziligoma Jumatatu, na ofisi zilizozitoa hazikuwa zimebadili hata nukta.

Wakubwa nao waliumia

Baadhi ya watu hudhani kwamba matatizo ya namna hii ni ya nchi maskini zisizo na mafundi. Sivyo. Marekani ndiyo iliyopata somo kali zaidi.

Serikali ya nchi hiyo ilianzisha mwaka 2003 tovuti iitwayo Grants.gov, ili maombi yote ya ruzuku za Serikali Kuu yapitie mlango mmoja. Wazo lilikuwa zuri. Lakini fomu zilizochaguliwa zilikuwa za kampuni ya PureEdge, ya mji wa Victoria nchini Kanada (Kanada tena!), na kisomaji chake kilifanya kazi katika Windows tu. Taasisi za Taifa za Afya, NIH, zilipoanza kuhamishia maombi yao huko, na mwezi Februari 1997 plus miaka kumi, yaani Februari 2007, zilipofikia ruzuku yao kuu ya utafiti, wanasayansi waliotumia kompyuta za Macintosh walijikuta nje. Na katika maabara za nchi ile watu hao hawakuwa wachache. Wakaelekezwa waingie kwa mbali katika mashine za Windows zilizowekwa kwa ajili yao, ili mtafiti wa maradhi ya moyo aazime kompyuta ya mtu mwingine apate kuomba fedha za kazi yake. Windows Vista ilipotoka, kisomaji kile kile kilileta taabu hata kwa wale waliokuwa ndani.

Dawa iliyotafutwa ilikuwa kuhamia kwenye fomu za Adobe. Ugonjwa ukabadilika sura. Maombi ya ruzuku huandikwa na watu kadhaa, kila mmoja akijaza sehemu yake. Sasa ilibidi wote wawe na toleo la Adobe linalopatana. Mmoja akifungua kifurushi kwa toleo jingine na kukihifadhi, kazi ya wenzake yaweza kuharibika, nao wasijue mpaka siku ya kuwasilisha. Hatimaye, tarehe 31 Desemba 2017, njia ile ya kifurushi kimoja cha PDF ilifungwa, na waombaji wakahamishiwa kwenye mfumo ambao watu hufanya kazi pamoja ndani ya tovuti yenyewe. Safari ya kutoka kosa la kwanza hadi hapo ilichukua zaidi ya miaka kumi.

Kisa kingine cha nchi hiyo hiyo ni kifupi na cha kuhuzunisha zaidi. Kimbunga Katrina kilipiga pwani ya kusini tarehe 29 Agosti 2005. Watu waliopoteza nyumba walitakiwa wajiandikishe kwa shirika la Serikali la maafa, FEMA, nalo lilikuwa na fomu katika tovuti. Fomu hiyo ilidai kivinjari cha Internet Explorer toleo la 6, cha Microsoft. Mwenye kivinjari kingine, au mwenye Macintosh, alikataliwa na kuambiwa apige simu, katika siku ambazo laini za simu zilikuwa zimezidiwa. Hakuna mtumishi aliyekaa mezani akaamua kwamba mhanga wa mafuriko asaidiwe kulingana na kompyuta aliyoazima. Uamuzi huo ulikwisha fanywa zamani, na mtu aliyekuwa akifikiria jambo jingine kabisa.

Microsoft nayo ilikuwa na fomu zake, InfoPath, zilizoletwa pamoja na Office ya mwaka 2003. Mashirika mengi yalijenga juu yake taratibu nzima za ofisi: maombi ya safari, madai ya posho, idhini za manunuzi, kila karatasi ikipita kutoka meza hadi meza bila ya tarishi. Januari 2014 kampuni ikatangaza kwamba toleo la 2013 ndilo la mwisho. Baadaye tarehe 14 Julai 2026 ikawekwa kuwa ukomo wa kuihudumia. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kampuni ina haki ya kuacha kuuza bidhaa yake. Lakini utaratibu wa kuidhinisha posho si bidhaa ya kampuni. Ni utaratibu wa shirika, na haukupaswa kuwa na tarehe ya kufa iliyopangwa na mtu wa nje.

Karibu na nyumbani

Kenya inatoa mfano wenye pande mbili. Katika mfumo wa iTax, Mamlaka ya Mapato ya nchi hiyo iliweka fomu za marejesho katika majedwali ya Excel yenye makro, yaani maagizo madogo yanayokagua hesabu na kutengeneza faili la kupakia. Mlipa kodi asiye na Excel angekuwa amekwama, na tarehe 30 Juni, mwisho wa kuwasilisha marejesho ya mwaka, haimngoji mtu. Kwa sifa yake, Mamlaka iliweka fomu hizo pia katika muundo wa ODS, ambao ni wa wazi na hufunguliwa na programu za bure. Hiyo ni hatua ya kupongezwa, na inafaa kuigwa. Hata hivyo makro zina taabu yake: mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia zote zinazotoka mtandaoni, kwa kuwa wahalifu huzitumia kusambaza virusi. Basi mwananchi anaambiwa na kompyuta kwamba faili ni la hatari, na anaambiwa na Serikali alifungue. Si vema kumzoesha raia kupuuza onyo la usalama kila mwezi wa Juni.

Msomaji ataweza kudhani kwamba dawa ni kutamka maneno "kiwango cha wazi" na mambo yakaisha. Laiti ingekuwa hivyo. W3C, ambayo haikuifanya XFA kuwa kiwango, ilitoa kiwango chake chenyewe cha fomu, XForms, mwezi Oktoba 2003. Kilikuwa cha wazi na kilibuniwa vizuri. Lakini watengenezaji wakubwa wa vivinjari hawakukitia ndani, na kwa mwananchi wa kawaida ni kana kwamba hakikuwapo. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani liliamua mwaka 2005 kutumia muundo wa wazi wa OpenDocument katika nyaraka zake. Upinzani mmoja ulitoka mahali ambapo wapenda mageuzi hawakutazamia: kwa watumishi wasioona, ambao programu zao za kusomewa kwa sauti zilipatana na Microsoft Office, wala hazikupatana na programu mpya. Hoja yao ilikuwa ya haki. Mkuu wa teknolojia wa jimbo, Peter Quinn, alijiuzulu katika zogo lililofuata, na mwaka 2007 jimbo likakubali pia muundo wa Microsoft.

Kwa hiyo uwazi wa kiwango ni sharti la kwanza, na sharti la pili ni kwamba kiwango hicho kiwe kinatumika kweli katika mikono ya watu wanaohudumiwa. Uingereza ilipochagua viwango vyake mwezi Julai 2014, ilizingatia hilo: ODF kwa nyaraka za kuandikwa kwa pamoja, PDF/A na HTML kwa nyaraka za kusomwa. HTML ni lugha ile ile ya kurasa za wavuti. Hufunguka katika simu ya bei ya chini na katika kompyuta ya waziri, na tangu kiwango chake cha mwaka 2014 imekuwa na uwezo wa kukagua tarehe, namba na anwani kabla ya fomu kupelekwa. Kazi nyingi ambazo XFA ilifungiwa ndani ya ganda kuzifanya sasa hufanywa na ukurasa wa kawaida.

Hapa nchini Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya mwaka 2019, iliunda Mamlaka yenye jukumu la kusimamia viwango na miongozo ya mifumo ya umma. Chombo kipo basi, na nguvu ya sheria ipo. Lakini Mamlaka haiwezi kukaa katika kila chumba ambamo ofisa wa wilaya anatengeneza fomu ya semina siku ya Alhamisi jioni. Kazi kubwa iko mikononi mwa ofisa huyo, na katika mikataba inayotiwa saini na wakubwa wake.

Kabla ya kutia saini

Ofisi inayonunua mfumo wa fomu yafaa iulize maswali machache, na iandikiwe majibu yake ndani ya mkataba badala ya kuambiwa kwa mdomo na mwuzaji mwenye tabasamu. Fomu hii itafunguka katika simu? Itafunguka katika programu ambayo si yako? Taarifa zilizojazwa zitatolewaje siku mkataba ukiisha: kwa CSV, kwa XML, au kwa picha za kurasa ambazo makarani watalazimika kuzinakili upya? Na ramani ya fomu yenyewe, yaani maswali, hesabu na kanuni za ukaguzi, ni mali ya nani? Mwuzaji asiyeweza kujibu swali la tatu amekwisha jibu.

Jaribio ni rahisi na halina gharama. Kabla fomu haijatolewa, ijazwe na kurudishwa mara tatu: kwa simu ya kawaida, kwa kompyuta kongwe kuliko zote ofisini, na kwa programu ya bure kama LibreOffice au kivinjari kisicho na nyongeza yoyote. Ikishindwa mahali pamoja, haijawa tayari. Ni afadhali ajaribu mhudumu wa mapokezi kuliko fundi, maana fundi hujua njia za panya.

Pale ambapo PDF ni ya lazima, kwa sababu ya saini au mhuri, itumike AcroForm ya kawaida. Programu nyingi za kutengeneza fomu huwa na chaguo hilo. Mara nyingi ofisi hupata XFA kwa kutochagua. Na kwa kila fomu ya kompyuta iwepo ya karatasi yenye maswali yale yale na namba zile zile, ipokelewe kwa heshima ile ile, mpaka siku ambayo umeme na mtandao vitafika kila kata bila kukatika.

Kwa aliye upande wa pili, anayetakiwa kujaza fomu asiyoitengeneza, njia zipo. Akiona ukurasa wa kusubiri, asilaumu mtandao. Aihifadhi faili kwanza katika kompyuta, kisha aifungue kwa kisomaji cha Adobe cha kompyuta ya mezani, na si kwa kuibonyeza ndani ya barua pepe au kivinjari. Kama hana, Firefox tangu toleo la 93, la mwezi Oktoba 2021, imeweza kufungua na kujaza fomu nyingi za XFA. Ni kazi iliyofanywa na watengenezaji wake kwa sababu serikali na mabenki ziliendelea kuzitoa. Asijaribu kuirekebisha kwa programu nyingine, kwani fomu zilizopewa haki maalumu na Adobe hugundua kwamba zimeguswa na kukataa kuendelea. Wala asiichape kuwa PDF ya kawaida na kuipeleka kabla ya kuulizia: ukurasa utaonekana sawasawa kwa jicho, lakini taarifa zinazosomwa na mashine zitakuwa zimebaki nyuma.

Linabaki suala la kumbukumbu, na hili halijazungumzwa vya kutosha. Kiwango cha kuhifadhi nyaraka kwa muda mrefu, PDF/A, kilichopitishwa mwaka 2005, hakikubali fomu za XFA, kwa sababu waraka unaotegemea programu ya nje ili uonekane hauwezi kuahidiwa maisha marefu. Ofisi yenye majalada ya kompyuta ya miaka kumi na tano iliyopita yafaa iyafungue sasa kwa programu isiyo ya Adobe na kuona ni mangapi yanayomtaka msomaji asubiri. Yatakayopatikana yafanyiwe mambo mawili wakati mashine yenye programu inayoyaelewa bado inawaka: taarifa zitolewe kwa XML na kuhifadhiwa peke yake, kisha kurasa zichapwe kuwa PDF/A zikiwa zimejazwa. Waanze na majalada ya mafao na ya ardhi. Hayo ndiyo yatakayoulizwa na wajane na warithi baada ya miaka thelathini, wakati mtumishi aliyeyajaza amekwisha staafu.